Kuingia Si Kufaa

"Imeingia, dada!"

Fundi alitoka chini ya gari akitambaa kwa mgongo, uso umejaa grisi na tabasamu, akajifuta mikono kwa kipande cha kanga kuukuu. Ilikuwa saa kumi jioni katika gereji ya uani hapa Tanga mjini. Nilishangilia pamoja naye, nikampa pesa yake, nikaongeza ya soda. Wiki tatu hazikuisha kabla neno hilo moja, imeingia, halijakaribia kuua mtu mbele ya macho yangu. Tangu siku ile nimelichukia, na leo nalishitaki hadharani.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla KE70, ile ambayo majirani zetu Wakenya huiita DX. Kizazi hicho cha Corolla kilianza kutoka Japani mwaka 1979: injini mbele, matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na nyuma kuna ekseli moja nzima inayounganisha tairi la kushoto na la kulia. Mjomba wangu alilifanyia teksi miaka ya 90, akalichoka, akaliegesha chini ya mwembe, kuku wakalala humo, mwisho akanikabidhi mimi. Ni bovu kwa vitu vingi lakini ni zuri kwa kimoja: kila nati yake unaweza kuiona, kuigusa na kuielewa. Ila kwenye kona lilikuwa linalala. Ukikunja usukani kwa kasi kidogo, bodi linaegemea upande mmoja kama mlevi anayetafuta ukuta, na abiria wa nyuma wanaangukiana.

Kila aliyeniona nikikunja kona alinipa dawa ileile: "Tafuta stabilaiza ya nyuma ya gari jingine, fundi ataiingiza."

Kwa asiyeijua, stabilaiza ni fimbo ya chuma iliyokunjwa mfano wa herufi U. Sehemu yake ya katikati hushikwa kwa bushi za mpira, na miisho yake miwili hufungwa kwa linki. Inaunganisha bodi la gari na matairi ya pande zote mbili. Matairi yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, fimbo inazunguka tu ndani ya bushi zake, haina kazi. Lakini gari likiegemea upande mmoja, mwisho mmoja wa fimbo unapanda na mwingine unashuka, fimbo inasokotwa, na chuma hakipendi kusokotwa. Kule kukataa kwake ndiko kunakolivuta bodi lirudi wima. Hataza ya kwanza ya kifaa hiki alipewa Mkanada mmoja, Stephen Coleman, mwaka 1919. Lakini mwili wa hoja hiyo ulikuwepo pwani hii karne nyingi kabla yake. Nenda Tongoni ukaitazame ngalawa. Ile miti inayotoka ubavuni na mbao zinazoelea kila upande, mirengu, kazi yake ni kukataa chombo kisilale. Mirengu hutumia maji na fimbo hutumia msokoto, lakini adui yao ni mmoja.

Basi nilinunua stabilaiza ya mtumba iliyotolewa kwenye sedani nyingine ya Toyota, kubwa kuliko yangu na changa kuliko yangu kwa miaka kumi na zaidi. Nilivutiwa na unene wake. Niliamini kwamba nene ni bora. Ilikuwa pana kuliko gari langu, kwa hiyo fundi akaikata katikati, akatoa kipande, akaichomelea. Miisho haikukaa sawa, akaipasha moto kwa gesi mpaka ikawa nyekundu, akaikunja. Kisha akaifunga, akatoka chini ya gari, akatamka lile neno.

Mjini ilikuwa raha. Nilizunguka barabara za Ngamiani gari limenyooka kama sahani. Kisha siku moja ya mvua ya rasharasha nikatoka kuelekea Tongoni, kama kilomita 20 kusini mwa mji kwa barabara ya Pangani. Kwa miaka mingi barabara ile ilikuwa ya vumbi na makorongo, na sasa imeanza kupata lami, na lami inaleta kasi. Kwenye kona moja kulikuwa na mchanga uliosombwa na maji. Nilikunja usukani, na nyuma ya gari ikaondoka. Haikuegemea na haikunionya. Iliteleza tu kama sabuni, mkia ukataka kutangulia mbele. Pembeni alikuwa amesimama mwanamke na beseni lake la samaki, amewapisha magari kwa adabu zote. Gari lilisimama kinyumenyume ndani ya majani, hatua mbili kutoka kwake. Beseni lilianguka. Changu na tasi walitapakaa kwenye matope, naye akabaki amejishika kifua, anatamka jina la Mungu mfululizo. Nililipia samaki. Hofu yake sikuweza kuilipia.

Gari liliporudishwa gereji, tuliikuta stabilaiza ina ufa mahali palepale ilipochomelewa.

Hapo ndipo ilipoanza kesi, na nilipata wanasheria wa pande mbili ambao wote wawili nimewakataa.

Wa kwanza ni watu wa "orijino". Ni kaka zangu wa barazani, wapenzi wa magari ya zamani. Nilipowasimulia, hawakuuliza nani aliumia. Walitikisa vichwa. "Si tulikwambia? Gari la zamani liachwe kama lilivyotoka kiwandani. Nguo ya kuazima haisitiri maungo."

Nimeifikiria sana methali hiyo, na ninaona wameitumia vibaya. Nani kati yetu hajavaa suruali ya mtumba? Ilishonwa kwa ajili ya kiuno cha mtu asiyekujua, katika nchi ambayo hujawahi kufika. Ukaipenda, ukaichukua, ukampelekea fundi cherehani. Akakupima kiuno, akakupima urefu wa mguu, akafumua mshono, akapunguza, akakunja pindo. Ukaenda nayo harusini na ukasifiwa. Hakuna aliyekuambia umevaa suruali isiyo orijino. Nguo ya kuazima haisitiri kama imevaliwa vilevile ilivyookotwa. Ikipita kwenye futi kamba na sindano ya anayejua, inasitiri vizuri kabisa.

Na wakitaka ushahidi wa zamani zaidi, nawakaribisha Tongoni. Pale kijijini, karibu na bahari, kuna magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14 na 15: msikiti uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na makaburi zaidi ya 40, mengine yakiwa na nguzo. Jina lenyewe linasema, tongo ni mahame, mahali palipohamwa. Katika kupamba makaburi yale mafundi walipachika bakuli za udongo mng'aro kutoka China. Bakuli! Kitu kilichofinyangwa ili mtu ale chakula, kikavuka bahari nzima ya Hindi, kikaja kukaa kwenye kaburi la mtu wa Tongoni. Bakuli nyingi zimeng'olewa, lakini matundu yake yamebaki, na matundu hayo ndiyo ninayopenda kuyatazama. Ni ya duara, yamechongwa kwa kipimo. Mwashi wa Tongoni hakulitwanga bakuli mpaka likaingia. Alilipima kwanza, kisha akaitengeneza nguzo ilipokee. Hajatokea mtu mwenye akili timamu aliyesema makaburi ya Tongoni si ya Tongoni kwa kuwa yana spea ya Kichina.

Watu wa orijino hupenda pia kutaja Safari Rally kwa machozi. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404, Datsun 240Z, Datsun 160J, Peugeot 504: majina hayo tunayataja kwa heshima kwa sababu ya vumbi lile. Lakini gari la kushindania Safari halikuwa gari lilelile alilonunua mwalimu dukani. Springi zilibadilishwa, shokapu zilibadilishwa, tumbo la gari likawekewa ngao ya chuma. Walioyashinda mashindano yale walikuwa wabadilishaji wakubwa. Na hiyo Toyota AE86 ya mwaka 1983, ambayo kaka zangu wameibandika ukutani kama picha ya mtakatifu, ni nini? Wakati Corolla nyingi za kizazi chake zilihamia kuvutwa na matairi ya mbele, yenyewe ilibaki na mpangilio wa kusukumwa na matairi ya nyuma uliorithiwa kwa Corolla za kizazi cha gari langu. Hata kiwandani watu huchukua cha hapa wakakipeleka pale. Tofauti ni kwamba kiwandani hupima.

Zaidi ya hayo, uorijino ni anasa ya mtu ambaye gari lake halina kazi. Gari lisilobadilishwa chochote baada ya miaka 40 katika chumvi ya pwani hii ni gari lililokuwa limefungiwa stoo. Gari lililobeba mbata, wagonjwa, maharusi na maiti limebadilishwa vingi, na kila kilichobadilishwa ni ukurasa wa maisha yake. Sitaki kuomba radhi kwa kurasa hizo.

Wanasheria wa pili ni watu wa "inaingia", na hawa ni hatari zaidi, kwa sababu ni wengi na wanapendeza. Hawa hawana maringo ya orijino. Wao ndio wanaofanya magari ya nchi hii yatembee, na heshima yao naijua. Lakini wamelifanya neno moja kuwa kipimo cha kila kitu. Tundu la bolti likikutana na tundu la bolti, imeingia. Tundu likikataa, litapanuliwa, na bado imeingia. Na stabilaiza iliyochakaa bushi ikianza kugonga, dawa yao ni fupi: "Itoe tu, gari litatembea." Kweli litatembea. Hata ngalawa iliyokatwa mirengu itaelea siku ambayo bahari imelala.

Niwaambie ndugu zangu hawa kile ambacho "imeingia" haikioni.

Kwanza, haioni hesabu. Ugumu wa fimbo dhidi ya msokoto haupandi sawasawa na unene wake. Hupanda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Chukua fimbo mbili za umbo moja, moja ya milimita 16 na nyingine ya milimita 20. Kwa macho tofauti yao ni kama ganda la embe. Kwa hesabu, ya pili ni ngumu karibu mara 2 na nusu. Mimi niliyevutiwa na unene pale kwenye lundo la spea, nilikuwa nachagua ugumu nisioujua kabisa. Na urefu wa mikono ya fimbo nao una neno: mkono ukifupishwa, ugumu unapanda tena. Fundi alipokata na kukunja, alikuwa anabadilisha hesabu ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa ameifanya.

Pili, haioni uwiano. Stabilaiza haiongezi mshiko wa tairi barabarani. Inachofanya ni kugawa upya mzigo wakati wa kona: upande ule wa gari, mbele au nyuma, wenye fimbo ngumu zaidi, tairi lake la nje hubebeshwa zaidi na la ndani hupunguziwa. Ukizidisha ugumu nyuma peke yake, nyuma ndiyo itakayoachia kwanza. Mbele inakunja, nyuma haifuati. Ile raha ya gari kunyooka kama sahani pale mjini ilikuwa na bei, na bei hiyo ilikuja kudaiwa kwenye mchanga mbichi wa njia ya Tongoni. Kule kulala kwa zamani, ambako nilikuchukia, kulikuwa ndiko kuonya.

Tatu, haioni chuma. Fimbo ile ni chuma cha springi. Nguvu yake imetokana na kupikwa na kupozwa kwa utaratibu kiwandani. Ukiipasha mpaka ikawa nyekundu na kuiacha ipoe yenyewe, umeiharibia mapishi. Ukiichomelea, umeweka mahali ambapo ufa utaanzia, na kazi ya fimbo ni kusokotwa maelfu ya mara. Kwa macho ni chuma kilekile. Ndani kimekuwa kitu kingine.

Nne, haioni barabara. Fimbo hii inaunganisha tairi la kushoto na la kulia, kwa hiyo shimo la kushoto linapelekewa habari kulia. Kwenye lami hilo si neno kubwa. Kwenye makorongo, fimbo ngumu inazuia tairi kushuka likaifuate ardhi. Ndiyo maana kuna magari ya porini, kama Jeep Wrangler Rubicon, yaliyotengenezwa ili dereva aweze kuiachanisha stabilaiza ya mbele kwa kubonyeza kitufe. Gari langu nusu ya maisha yake liko kwenye lami na nusu iliyobaki liko kwenye njia za minazi. Fundi hakuniuliza naendesha wapi.

Hapa msomaji ataniuliza, basi kosa ni la fundi? Nilikuwa tayari kusema ndiyo. Nilikwenda kwake na hasira zangu zimejaa kifua. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole: "Dada, siku ile nilikutajia bei gani ya ufundi?"

Nilikumbuka. Alinitajia shilingi 60,000. Alisema kazi hii ni ya siku mbili, inataka gari lipandishwe, lipimwe, pengine atafute fimbo nyingine. Mimi nikacheka. Nikamwambia spea yenyewe nimeinunua 45,000, iweje kuifunga kuzidi kuinunua? Nikambana mpaka 15,000 na kazi iishe leo leo. Alinipa kile nilicholipia. Nililipia kuingia. Kufaa sikukulipia.

Basi mshitakiwa wa kwanza ni mimi, na wa pili ni wewe unayesoma, mwenye shahada yako na simu yako nzuri, unayelipa bila ubishi shilingi laki kwa kipande cha chuma kilichookotwa Gerezani, kisha unambishia fundi elfu tano. Tunaamini kwamba thamani imo ndani ya kitu. Kujua hatukuoni kuwa kitu, kwa sababu hakuna uzito na hakufungwi kwenye gazeti. Fundi akikaa dakika 20 anaitazama saspensheni bila kugusa spana, tunaangalia saa. Akianza kugonga nyundo, tunatulia: sasa anafanya kazi! Tumewafundisha mafundi wetu kwamba kufikiri hakulipi na kelele inalipa, halafu tunasema mafundi wa Kibongo hawafikirii.

Ni tusi kubwa, na si kweli. Nimeona kinyume chake kwa macho yangu.

Kuna mzee mmoja, zamani alikuwa fundi katika karakana ya shamba la mkonge. Wazee wa karakana zile walikuwa na adabu yao, maana mashine ya kusaga mkonge ikisimama na spea iko ng'ambo ya bahari, itabidi spea ichongwe hapahapa, na ikichongwa vibaya itakata mkono wa mtu. Nilimpelekea gari. Nilimwamkia, akaitikia, akazunguka gari mara mbili kimya. Kisha akaanza maswali. Nani anakaa nyuma? Unabeba nini? Njia gani unapita sana? Tairi hizi zina umri gani? Nilijibu kama niliye mbele ya daktari.

Alianza kwa kunivunja moyo. Aliingia chini ya gari, akatoka na vipande vya mpira vilivyokauka kama ganda la mnazi. Zilikuwa bushi za stabilaiza ya mbele, ile iliyokuja na gari. "Mwanangu," alisema, "mguu unaouma ni huu wa mbele. Nyinyi mmekwenda kuufunga bandeji wa nyuma." Tukabadilisha bushi za mbele, tukabadilisha shokapu mbili zilizokufa. Kulala kwa gari kulipungua nusu kabla hatujaongeza chochote.

Kisha ndiyo akasema, ya nyuma nayo nitakuwekea, lakini nyembamba. Hakuwa mtu wa orijino hata kidogo. Alichukua stabilaiza ya gari jingine, si ile ya kwanza, akaipima kwa kalipa katikati na miishoni, akapima mikono yake, akaandika. Hakuikata na hakuipasha moto. Alichokata ni vyuma vya kuishikia: alitengeneza braketi mpya zinazoifuata fimbo, akazifunga kwa bolti na kuziwekea bamba la chuma nyuma yake ili bodi lisichanike. Linki alizitengeneza kwa studi zenye nyuzi, ili urefu wake uweze kuongezwa na kupunguzwa. Alizikaza gari likiwa limesimama kwa matairi yake na mimi nimekaa ndani, ili fimbo isianze kazi ikiwa tayari imesokotwa. Baadaye akalipandisha tairi moja kwa jeki mpaka mwisho, lingine akaliacha lining'inie, akapitisha mkono wake kila mahali: haigusi paipu ya breki, haigusi ekzosi, linki haipinduki. Tuliendesha kilomita 50, tukarudi, akakaza tena kila nati.

Ilimchukua siku 2. Alitaja 70,000, na safari hii sikufungua mdomo.

Nasikia pingamizi. Mtu atasema, dada, wewe una 70,000, dereva wa Noah anayebeba watu 9 kwa hesabu ya tajiri hana. Nakubali kwamba umaskini ni hoja. Lakini nimeweka mahesabu yangu pembeni: fimbo ya kwanza, ufundi wa kwanza, kuvutwa gari, taa iliyovunjika, bampa, beseni zima la samaki, kisha kazi yote kuanzia sifuri. Nilikuwa nimetupa zaidi ya laki 3 ili niokoe 45,000. Na mimi nilibahatika. Asiye na pesa ndiye asiyeweza kulipia kazi mara mbili. Wa kuokoa kwa kutopima ni tajiri, kwa sababu yeye akikosea atanunua jingine.

Mwingine atasema, basi tuweke sheria, gari lolote lililobadilishwa likamatwe. Sitaki. Sheria ya namna hiyo itawakamata wazee kama yule wa karakana pamoja na walaghai, na askari wa njiani hana kalipa wala muda wa kujua nani ni nani. Ninachotaka ni kidogo, na kinaanzia kwetu. Vijana wanaotoka VETA wafundishwe kwamba kubadilisha spea za magari tofauti ni somo lenye kanuni zake, maana ndiyo kazi watakayoifanya maisha yao yote. Kulificha somo hilo kwa sababu kitabu cha kiwanda hakilitaji ni kujidanganya. Mafundi wanaojua waandike: fimbo ya gari gani, unene gani, ilifungwa wapi, ikafanyaje. Elimu hii inakufa na wazee kwa sababu hakuna aliyewalipa waiandike. Na sisi wateja tukatae lile neno. Fundi akisema imeingia, tumuulize: umepima nini, umeijaribu vipi, na ikishindwa itashindwa vipi? Halafu, na hili ndilo gumu, tuyalipie majibu.

Juzi nilipita tena gereji ya uani. Yule fundi wa kwanza alikuwa chini ya Mark II ya kijana mmoja wa chuo, anafunga springi za gari jingine. Nje, kijana anatembea huku na huko, anatazama saa. Nilimsalimia, nikamwambia tu bei ya samaki waliomwagika njia ya Tongoni na kilichowamwaga. Akanyamaza kidogo. Kisha akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Fundi, eti ukipima kabisa, ni shilingi ngapi?"

Nyundo ilisimama. Fundi alichungulia kutoka chini ya gari, akanitazama mimi kwanza, halafu yeye, akasema: "Nipe kwanza ile kalipa iliyoko mezani, tutazungumza."